Tangazo la Pili kwenye Mlango wa Babu Minko

Mimi nikimwona mwanamke akivuka barabara, mara moja tu, najua anampenda nani. Sijawahi kukosea. Nilikosea tu kwa waume zangu wote wawili, na kwa dada yangu, na kwa huyu Zornitsa, ambaye tumekaa naye ukuta kwa ukuta hapa mjini Plovdiv nami nikidhani kitu pekee anachokipenda duniani ni herufi.

Na alizipenda kweli. Wenzake huchora maua na farasi, yeye alichora herufi zenye vitambi, herufi zinazopiga chafya, herufi zinazoegemeana kama walevi wanaotoka harusini. Zile za kwenye makopo ya aiskrimu, zinazoyeyuka pembeni kabla hata hujafungua, ni zake. Zile za kitabu cha watoto ambamo A imevaa suruali fupi, zake pia. Kazi yake ilikuwa kuchora kwa brashi, kisha kuziingiza kwenye kompyuta mojamoja, akizivuta huku na kule mpaka zikae. Ukimuuliza ugumu uko wapi, alikwambia hauko kwenye kuchora, uko kwenye kuzipanga. Herufi ni kama mawifi: ukiziweka karibu mno zinagombana, ukiziweka mbali mno zinanuniana.

Lakini asubuhi ya arobaini ya Babu Minko, Zornitsa hakuchora wala hakupanga. Alikaa mezani, brashi zimekauka, akijitazama vidole. Vilikuwa na gundi ya unga. Alikwisha kuvinawa na bado aliihisi.

Kwetu mtu akifa hutangazwa mlangoni. Karatasi, picha, mpaka mweusi, na herufi zilizosimama wima kama askari wa gwaride. Arobaini ikifika, linabandikwa jingine. Mwaka ukitimia, jingine tena. Milango yetu haijui kusahau. Na alfajiri ile Stoyanka, binti wa marehemu, alikuwa amebandika tangazo lake la arobaini, safi, la heshima, lenye picha ya babu aliyenuna kwa sababu mpiga picha alimwambia asicheke.

Zornitsa alipita baada yake, akabandika la pili.

Hilo halikuwa na mpaka mweusi. Halikuwa na picha pia, maana jina lenyewe lilikuwa picha. MINKO, kwa herufi kubwa zinazochezacheza: O imefuga masharubu yenye povu la boza, kinywaji cha nafaka alichouza, K imeegemea mkongojo huku mguu mmoja ukirusha teke, I imevaa kofia upande, N imeinama kama inayokutilia kinywaji. Chini yake maneno machache: Alitumiminia sote. Mungu amrehemu. Jina la mbandikaji halikuwepo.

Aliomba mwenyewe, yule mzee. Na namna alivyoomba, afadhali niisimulie, maana ndipo uongo wote ulipoanzia.

Zornitsa na Yavor, mjukuu wa Babu Minko, walikuwa wamependana kiasi cha kuchukiza. Ukiwakuta kwenye ngazi ulilazimika kukohoa. Lakini Stoyanka, mama yake Yavor, hakumtaka Zornitsa. Kwanza alikuwa amekwisha kuolewa akaachika. Pili alimzidi Yavor umri. Tatu, "mwanamke mzima anachora herufi zinazopiga chafya, huyo atalea mtoto au atamchora masharubu?" Mama na mwana wakagombana, siku moja wakagombana mno, Yavor akatoka kwa kishindo, na Zornitsa alipokwenda kusuluhisha alimkuta Stoyanka chini, sakafuni jikoni, midomo imegeuka buluu, mkono kifuani.

"Niachie huyu mmoja," Stoyanka alimwambia alipopata pumzi. "Mume nimezika. Nikimkosa na huyu, basi."

Akamwapisha palepale, mkate na chumvi mbele yao, Mama wa Mungu akiwatazama kutoka ukutani: kwamba hatavuka kizingiti cha nyumba ile maadamu Stoyanka yu hai. Zornitsa akaapa. Kesho yake akamwambia Yavor amemchoka. Yavor akahamia Varna, akapata kazi bandarini, na baadaye, kwa juhudi za mama, akapata na mchumba, Krasimira. Msichana mzuri. Ningefurahi kumchukia, lakini sijapata pa kuanzia.

Sasa, Babu Minko alipougua na kulazwa chumba cha chini, nyuma ya jikoni, alimpigia simu Zornitsa.

"Uliapa nini hasa?"

"Kwamba sitavuka kizingiti chenu, babu."

"Kizingiti?"

"Kizingiti."

"Dirisha la jikoni lilitajwa?"

"Halikutajwa."

"Basi binti yangu hajui kuapisha. Yuko sokoni mpaka jioni. Panda, lakini angalia vyungu vya maua, anavipenda kuliko mimi."

Akapanda. Akawa anapanda kila Stoyanka aendapo sokoni kuuza jibini. Mwanamke wa umri ule, sketi imekunjwa mpaka magotini, anaingia dirishani kama paka aliyesikia harufu ya samaki! Alimsomea gazeti, alimnyoa, na alimwosha mguu. Maana mguu wa kulia wa mzee ulikuwa umevimba hauingii kwenye sapatu, na Stoyanka alikuwa akiufunga kwa shali yake ya kijivu. Muuguzi aliyekuja kumpima hakuruhusiwa kuuona. "Nichomeni sindano mtakapo," mzee alisema, "mguu huu si wa maonyesho." Zornitsa aliufungua, akauosha kwa maji ya vuguvugu, akaufunga tena kwa fundo lake yeye, lenye masikio mawili kama ya sungura. Mzee akautazama.

"Haya. Sasa mguu wangu unasikia. Tusiseme siri mbele yake."

Siku hiyohiyo ndipo alipoomba. "Stoyanka atanitangaza kwa zile herufi za gwaride. Mimi nimeuza boza maisha yangu yote, binti. Sijawahi kusimama wima namna ile hata jeshini. Nichoree zangu. Mtu akisoma nimekufa, atabasamu kidogo, kisha ndipo ahuzunike. Ahuzunike, sikatai. Lakini kidogo."

Akachora kando ya kitanda, mzee akimsahihisha. "Masharubu hayo ya nani? Mnenepeshee." O ikanenepeshewa. K ilimchekesha mpaka akakohoa. M tu, herufi ya kwanza ya jina lake, ilikataa. Kila aliyoichora mzee alisema, "Hapana, huyo ni mjomba wangu." Akafa kabla haijapatikana. Zornitsa aliichora nyumbani, baada ya maziko ambayo aliyatazama kutoka nyuma ya makaburi ya watu wengine. Aliichora kwa pigo moja, machozi yakimzuia kuona, na ilipotoka hakuitazama mara mbili. Mkono una akili zake. Aliuacha ufanye.

Ndivyo ilivyokuwa. Basi asubuhi ile alikaa akijitazama vidole, na mlango ukagongwa.

Alikuwa Yavor. Suti nyeusi, harufu ya mishumaa, punje ya ngano ya arobaini, ile ichemshwayo na kugawiwa wanaomkumbuka marehemu, imenasa kwenye mkono wa koti. Zornitsa alitaka kuiondoa punje ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Akaficha mikono nyuma.

"Umenenepa," Yavor alisema.

"Na wewe umechumbia. Kila mtu na lake."

"Naweza kuingia?"

"Umekwisha ingia."

Akasimama katikati ya chumba, akatazama kuta, zile herufi zake zote zilizobandikwa, zinazocheka na kupiga chafya. Zamani alikuwa akizisalimia kwa majina. Leo hakuzisalimia.

"Ni wewe?"

"Ni mimi nini?"

"Usinifanye mjinga, Zori. Watu wamejaa mlangoni kwetu wanacheka. Kisha wanalia. Kisha wanacheka tena. Padri mwenyewe alicheka akajifanya amepaliwa. Mama amefunga mapazia. Ni wewe uliyebandika?"

"Herufi zangu zinauzwa. Mtu yeyote anaweza kuzitumia. Juzi nilizikuta kwenye duka la chakula cha mbwa."

"Hizi haziuzwi. Hizi ni babu."

Zornitsa akageukia birika. Hapakuwa na maji ndani, lakini aliliwasha.

"Una unga kwenye kiwiko," Yavor alisema.

"Nilioka banitsa, mkate wa jibini."

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe ambaye uliunguza yai la kuchemsha? Iko wapi?"

"Nimeila."

"Yote?"

"Si umesema nimenenepa."

Tabasamu lilipita usoni kwa Yavor, likaona halina pa kukaa, likaondoka. Akasogea. Alisimama karibu kiasi kwamba Zornitsa aliona mshipa wa shingo yake ukipiga, na lile kovu dogo kidevuni alilolipata akipanda mti wa jozi kumchumia yeye.

"Nisikilize," alisema kwa sauti ya chini. "Basi langu linaondoka mchana. Sikuulizi herufi zinauzwa wapi. Nakuuliza kama ulikaa na babu yangu. Maana aliyechora vile alikaa naye. Na kama ni wewe uliyekaa naye, basi hukunichoka. Ulinidanganya. Na kama ulinidanganya, sipandi basi. Nampigia Krasimira sasa hivi, namwomba radhi, halafu naenda kwa mama namwambia yaishe leo. Akikataa, asinihesabu mwanawe tena."

"Leo? Arobaini ya baba yake?"

"Leo."

Zornitsa akatazama dirishani. Kutoka pale liliweza kuonekana paa la nyumba ya Stoyanka, na mapazia yaliyofungwa. Nyuma ya mapazia yale alikaa mwanamke mmoja na sufuria la ngano. Mume kazikwa. Baba kazikwa. Neno moja tu lingetoka kinywani mwa Zornitsa, na wa tatu naye angeondoka, kwa miguu yake mwenyewe, akipiga mlango. Na neno lenyewe lilikuwa pale, ulimini, tamu, limekaa miaka likingoja. Ndiyo. Nilikaa naye. Sijakuchoka hata siku moja.

"Sikumwona babu yako," alisema, "tangu mimi na wewe tulipoachana."

"Nitazame usoni useme."

Akamtazama. Kudanganya kwa macho ni kama kuchora duara kwa mkono mtupu: ukisita tu, panabaki kovu. Hakusita.

"Sikumwona, Yavor."

Birika tupu lilianza kunuka. Yavor akanyoosha mkono, akalizima, kama mtu aliyekuwa nyumbani kwake.

"Basi nani alimpenda namna ile?" aliuliza. Sauti ilikuwa imevunjika. "Maana mimi mjukuu wake sikumpenda namna ile. Alinipigia simu, 'Njoo unione ningali mzuri,' nikasema mwisho wa mwezi, babu. Mwisho wa mwezi nikakuta amefunikwa."

"Alijua unampenda."

"Umejuaje, kama hukumwona?"

Zornitsa akalisogeza birika pembeni. "Wazee wote wanajua."

Yavor alitikisa mabega. Mlangoni aligeuka. Kwa muda alionekana kama atasema jambo, na Zornitsa akaomba alisemee mbali, Varna, baharini, popote, lakini si pale.

"Mama alilichana," alisema. "Lile tangazo. Nilisikia karatasi ikichanika. Nimeona ujue, ikiwa unamfahamu aliyelichora."

"Simfahamu."

"Haya. Mungu amrehemu, Zori."

"Mungu amrehemu."

Alisikiliza hatua zake zikishuka ngazi, na pale kwenye ngazi inayolia akasikia zimesimama. Zilisimama kitambo. Akaliweka paji la uso mlangoni, midomo ikikaribia kabisa mbao, na hakufungua. Kisha hatua zikaendelea. (Nami nilikuwa nyuma ya mlango wangu, sikatai, nikifagia mahali palipokuwa safi tangu Pasaka. Nikasema moyoni, hao wamemalizana kabisa. Mnaona jinsi ninavyojua mapenzi.)

Hakula. Mchana ulifika, ukapita. Alilisikia basi la Varna likiunguruma kule chini kituoni, au alidhani amelisikia, na akajiambia kila basi linaunguruma vivyo hivyo. Akaokota punje ya ngano iliyoanguka sakafuni kutoka kwenye koti la Yavor, akaiweka kwenye kiganja, akaitazama mpaka akaona haya.

Mlango uligongwa tena. Safari hii kwa ngumi.

Stoyanka alikuwa amevaa nyeusi mpaka soksi. Mkono mmoja alishika kikombe cha ngano ya arobaini, imepambwa kwa sukari na jozi, mwingine mkoba. Alikuwa akihema kwa ngazi.

"Ketini, Mama Stoyanka."

"Sikuja kuketi. Nimekuja kukutukana. Njia nzima nilikuwa nikichagua matusi."

"Haya, tukaneni mkiwa mmeketi. Moyo wenu."

"Uache moyo wangu." Akaketi. Akaweka kikombe mezani, katikati yao, wala hakusema ni cha nani. "Mwanangu amekuja hapa?"

"Amekuja."

"Amekuuliza?"

"Ameniuliza."

"Ukamwambiaje?"

"Ukweli. Kwamba sikumwona mzee. Niliapa kwenu, Mama Stoyanka, nami kizingiti chenu sijakivuka."

"Na yeye akasadiki."

"Amekwenda zake. Basi limeondoka."

Stoyanka alifumba macho. Ilipasa afurahi. Ndicho alichokiomba siku ile sakafuni, na sasa amekipata kizima. Lakini aliyafumba kama mtu aliyekanyaga mwiba.

"Chungu changu cha maua," alisema bado amefumba, "kile cha dirisha la jikoni. Kimehama chenyewe?"

"Huenda ni paka."

"Paka."

"Wako wengi mwaka huu."

Stoyanka akafungua mkoba. Alitoa tangazo. Halikuwa limechanwa vipande kama alivyodhani Yavor. Lilikuwa limebanduliwa kwa subira, pembe moja tu imebaki mlangoni. Akalikunjua, akalilainisha kwa viganja kama kitambaa cha madhabahu, akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza.

"Hii ni nini?"

"M."

"M naijua, nimekwenda shule. Huu mguu wake."

Zornitsa akainama. Na kwa mara ya kwanza tangu aichore aliitazama. M ilisimama kwa miguu miwili, imechoka, imechangamka, kama mzee aliyeshika ukingo wa kitanda. Mguu wa kushoto ulivaa sapatu. Wa kulia ulifungwa shali. Na juu ya shali, masikio mawili.

"Mguu ule," Stoyanka alisema, "muuguzi hakuuona. Padri hakuuona. Mwanangu hakuuona, alikuja umekwisha funikwa. Mimi nilikuwa nikiufunga asubuhi, fundo moja, gumu, kama nifungavyo gunia la jibini. Jioni nikirudi nalikuta fundo jingine. Nikimuuliza baba, ananiambia amejifunga mwenyewe. Mtu asiyeweza kufunga kifungo cha shati! Nikawa nalifungua kila asubuhi, nikijiambia, Stoyanka, usiulize. Ukiuliza, litakoma."

"Inawezekana ni muuguzi, mama..."

"Muuguzi."

"Au jirani. Watu wengi hufunga hivyo. Mimi sijui hata—"

Stoyanka akatia mkono mkobani mara ya pili, akatoa shali ya kijivu. Ilikuwa imefuliwa na kukunjwa. Akaiviringisha kwenye mguu wa meza, akaachia ncha zake mbili zikining'inia, akajiegemeza kwenye kiti.

"Funga," alisema.

Zornitsa alipiga magoti. Alikusudia fundo moja, gumu, la gunia. Alizishika ncha, akazikutanisha, na harufu ya sabuni ikampanda puani, na chini ya sabuni, kwa mbali, mzee. Macho yakajaa. Hakuona tena alichokuwa akikifanya, aliiachia mikono.

Alipojifuta machozi, yalikuwa pale juu ya mguu wa meza, yamesimama, yanasikiliza: masikio mawili.

Stoyanka akakisukuma kikombe cha ngano upande wa Zornitsa.